Leseni ya Mkuu

Dar es Salaam kila mtu ni mkuu. Muuza maji anakuita mkuu, dalali anakuita mkuu, hata askari anayetaka kukusumbua anaanza na "mkuu wangu". Kwa hiyo nikisema Mkuu inabidi nieleze. Huyu wangu alikuwa Mkuu kweli, mkuu wa chuo cha kompyuta, ghorofa ya tatu, juu ya duka la mapazia na mashuka, karibu kabisa na Mtaa wa Msimbazi. Nilifundisha chini yake kwa miaka mingi. Sijui alizaliwa wapi, sijui baba yake alikuwa nani, na sikuwahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Hata mkewe akipiga simu ya ofisini alisema, "Nipe Mkuu."

Nikimkumbuka leo naona kinyaa. Wanaomfahamu wakinisikia nikisema hivyo wanashangaa, maana alikuwa mtu wa kupendwa, na mimi nilimpenda kuliko wao. Ndiyo maana kinyaa hiki hakinitoki. Angekuwa mtu wa hovyo tangu siku ya kwanza ningemkwepa tu na kuendelea na maisha yangu.

Nianze na usafi, maana huo ndio watu waliouona kwanza. Mvua ikinyesha Kariakoo mitaro inatapika. Maji meusi yanapita juu ya lami na maganda ya machungwa, vichwa vya nanasi, nepi, na vitu ambavyo ni heri usivitazame. Sisi wengine tulifika darasani tumelowa hadi magotini. Mkuu alikuja amevaa ndala, viatu vyake vikiwa kwenye mfuko ndani ya begi. Alisimama kwenye bomba la nyuma ya duka la mapazia, akaosha miguu taratibu, kidole kwa kidole, akaifuta, akavaa soksi nyeupe na viatu vinavyong'aa, ndipo akapanda ngazi. Mwenye duka, Mchagga mmoja mcheshi ambaye sote tulimwita Mangi, alimwekea kiti maalumu hapo bombani.

"Mkuu huwa haendi kazini," Mangi alikuwa akisema. "Anaingia ibadani."

Darasani alitembea na leso nyeupe. Aliipitisha juu ya kibodi moja, akaigeuza, akaionesha darasa zima. Ikiwa na weusi, aliyekuwa amekaa hapo alitamani ardhi ipasuke. Hakula chochote cha mtaani. Chakula chake kilitoka nyumbani kwenye hotpoti, na chungwa alilimenya mwenyewe kwa kisu chake, ganda likishuka utepe mmoja mrefu usiokatika. Alimenya polepole hata kama nje ya mlango kulikuwa na foleni ya watu wanaomsubiri.

Kilichomchefua zaidi ya uchafu ni wizi wa programu. Pale mtaani kwetu vijana wamekaa chini ya miavuli na kompyuta zao mapajani, na kwa bei ya sahani ya chipsi wanakuwekea programu yoyote duniani kwenye flashi yako, imeshachakachuliwa, haidai leseni wala nini. Mkuu akiwapita alitazama upande wa pili wa barabara. Kila muhula unapoanza alisimama mbele ya wanafunzi wapya, akafungua kifungo cha koti, akasema:

"Leo unaiba programu. Kesho utang'oa vioo vya magari pale Mnazi Mmoja. Kazi ni ile ile, tofauti ni bisibisi tu."

Wanafunzi walicheka. Mimi nami nilicheka, muhula baada ya muhula, kama wimbo unaoujua.

Na haya hayakuwa maneno matupu. Hapa lazima nimpe haki yake. Somo lililotupa jina lilikuwa la seva na mitandao. Ili mtu ajifunze vizuri anahitaji kompyuta kadhaa zilizounganishwa, na chumba chetu kilikuwa na moja tu kwa kila mwanafunzi, tena kwa kubanana. Kuna programu inayotatua shida hiyo. Unaifungua, na ndani ya kompyuta yako inawaka kompyuta nyingine, yenye mfumo wake na mafaili yake. Unaweza kuwasha tatu, nne, ukaziunganisha, ukaziharibu, ukazifuta, na ile ya nje isipate hata mkwaruzo. Mkuu alikataa katakata tuziite kwa Kiingereza. Zilikuwa mashine pepe, na ole wake aliyesema vinginevyo.

Kampuni ya ng'ambo ndiyo iliyoiuza, na haikuwa rahisi. Vyuo vingine vyote nilivyovijua vilitumia iliyochakachuliwa. Mkuu alinunua. Nilikuwa naye siku hiyo. Kadi ya benki ilikataa, ikakataa tena, na badala ya kukata tamaa alinichukua tukaenda Posta, akaketi mbele ya dada wa benki na kumweleza leseni ni nini tangu mwanzo hadi mwisho, mpaka yule dada akainuka kumtafuta bosi wake. Tuliporudi chuoni jioni niliingiza ile namba ndefu ya leseni kwenye kompyuta ya kwanza. Ikakubali. Mkuu alisimama peke yake katikati ya darasa tupu na kupiga makofi.

Siku hiyo angeniambia tukahamie Tunduru ningefunga mizigo.

Kuanzia hapo kila mwanafunzi alilipa ada ya leseni kila muhula, mbali na ada ya masomo. Hakuna aliyenung'unika. Kwenye ukuta wa ngazi ilichorwa kwa rangi ya bluu: CHUO CHENYE LESENI HALALI. Wazazi walipanda magari kutoka Mbagala na Gongo la Mboto kwa ajili ya maneno hayo. Walifika wakihema kwa ngazi, wakasema, "Tumeambiwa hapa hakuna ujanjaujanja."

Kuna jambo jingine ambalo sitaki kulificha, ingawa lingenirahisishia kazi. Kaka yangu alipofariki Mkuu alikuja msibani Buguruni siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Sikushangaa kumwona siku ya kwanza. Siku ya pili nilitoka nje nyuma ya nyumba nikamkuta amekunja mikono ya shati, amechuchumaa na akina mama, anasugua sufuria la pilau kwa majivu. Mtu yule aliyeosha miguu kidole kwa kidole. Masizi yalimfika kwenye viwiko.

"Mkuu, acha bwana, wapo vijana," nikamwambia.

"Binti," akasema bila kuinua kichwa, "nenda ukakae na mama yako."

Mama yangu mpaka leo akisali humtaja. Nimeshindwa kumwambia aache.

Sasa Yusufu. Yusufu alikuwa mkaanga samaki pale Feri, kijana wa kama miaka ishirini na tano hivi, mrefu, mpole. Alfajiri alikuwa kwenye moto, mchana akaja darasani. Alikuwa ameona watu wa ofisini wakija kununua samaki na vitambulisho shingoni, akauliza wanafanya kazi gani, mmoja akamwambia anatunza seva. Yusufu akaamua na yeye atatunza seva. Hakuwa mwanafunzi hodari, hilo niliseme. Alisahau mambo. Lakini alirudia zoezi moja mpaka mimi ndiye nikachoka, na akikosea alisema "Subiri, Madam, usinioneshe," akaanza upya.

Alinuka samaki. Alioga, alijipaka limao, alibadilisha shati, na bado moshi na mafuta ya jodari vilimfuata. Wiki ya kwanza Mkuu alimhamishia kwenye kiti cha dirishani. Wiki ya pili aliingia darasani na kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya zawadi, akakiweka mbele yake.

"Zawadi yako, mwanangu. Fungua tuone."

Ilikuwa sabuni. Darasa likaangua kicheko. Yusufu aliishika kwa mikono miwili, akainamisha kichwa na kusema, "Asante sana, Mkuu." Nilitazama dirishani. Nilijiambia Mkuu ana tabia zake tu za usafi, na kwamba hakukusudia ubaya. Nilikuwa na mazoea ya kumtetea hata moyoni.

Kisha kampuni ya ng'ambo ikaanza kubadilisha mambo. Mara ya kwanza ilitangaza kwamba anayetumia programu ile nyumbani, kwa mambo yake binafsi, hatalipa tena. Wa biashara wataendelea kulipa. Habari zilizagaa, na wanafunzi wakamuuliza Mkuu. Aliwajibu bila kuyumba.

"Sisi ni biashara. Tunatoza ada, tunatoa risiti. Kwako nyumbani weka bure, Mungu akubariki. Hapa tunalipa. Hatutajificha nyuma ya mgongo wa watu wa nyumbani."

Nilivimba kichwa kwa fahari. Vyuo vya jirani vilishaanza kujifanya nyumbani kwa mtu. Sisi hapana.

Miezi ikapita. Siku moja kompyuta moja ilikufa diski, nikaweka mpya, nikapakua toleo jipya la ile programu kutoka kwa wenyewe. Nikasubiri mahali pa kuweka namba ya leseni. Hapakuwepo. Nikadhani nimekosea, nikafuta, nikarudia. Hapakuwepo. Nikaingia kwenye tovuti ya kampuni nikasoma tangazo mara mbili, polepole, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Walikuwa wameiachia bure kwa wote. Nyumbani bure, shuleni bure, na biashara nazo bure. Leseni zenyewe walikuwa wameacha kuziuza.

Nilikwenda ofisini kwake nusura nikimbie.

"Shikamoo Mkuu. Nina habari njema."

"Marahaba binti. Keti."

Sikukaa. Nikamweleza yote nimesimama. Alikuwa anamenya chungwa lake. Kisu hakikusita na ganda halikukatika. Nilipomaliza akauliza:

"Nani mwingine anajua?"

Nilicheka. Nilifikiri ni utani. Kisha nikaona anasubiri jibu.

"Sijui, Mkuu. Mimi nimeona sasa hivi. Lakini ni tangazo la dunia nzima."

"Dunia nzima haisomi matangazo, binti."

"Kwa hiyo muhula ujao tunafuta ada ya leseni?"

"Tunafuta kwa nini?"

"Leseni haipo. Hata ukitaka kuinunua, hawana cha kukuuzia."

Akaweka kisu chini, akaifuta mikono. "Umeme unapanda. Pango linapanda. Mshahara wako unatoka wapi?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na nililijibu kwa haki. Nikamwambia basi tuiite ada ya maabara, maana kompyuta zinahitaji matunzo kweli, na mimi mwenyewe nitasimama mbele ya wazazi kuwaeleza. Akatabasamu, lile tabasamu lake la kumhurumia mtu aliyechelewa kuelewa somo.

"Ukiwaambia maabara wataanza maswali. Maabara gani, kompyuta ngapi, ile feni mbona haizunguki. Ukiwaambia leseni wanalipa. Wanalipa na wanashukuru."

Nimesahau mengi aliyosema miaka ile. Hilo la wanashukuru limekwama kooni kama mwiba wa samaki.

Muhula mpya ukaanza. Nilikuwa bado najidanganya kwamba atalifikiria lile jambo usiku, ataamka na aibu. Siku ya ufunguzi akasimama mbele ya wanafunzi wapya, akafungua kifungo cha koti, akatoa hotuba yake yote. Leo unaiba programu. Kesho utang'oa vioo vya magari. Bisibisi. Darasa likacheka. Nilitoka nje, nikasimama kwenye ngazi. Pale ukutani mbele yangu kulikuwa na maandishi ya bluu, na mama mmoja aliyetoka kumlipia mwanawe alikuwa akiyasoma kwa sauti huku anashuka, ameridhika.

Kwa nini sikuondoka siku hiyo? Niliendelea kumbana. Karibu kila wiki niliingia ofisini kwake. Safari moja alinikaribisha chungwa. Nyingine alinikumbusha msiba wa kaka yangu, kwa upole, bila kusema anachokumbushia. Nyingine aliniuliza kama nimechoka. Mtu yule hakuwahi kunipandishia sauti. Angenigombeza ningepumua.

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Mkuu alisimama mlangoni mwenyewe, akiruhusu mmoja mmoja. Mimi nilikuwa ndani nawasha mashine pepe kwenye kila kompyuta, zote kwa programu ambayo mtu yeyote mwenye bando angeipakua bure. Nikasikia sauti ya Yusufu.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba. Leseni umemaliza?"

"Ada ya masomo nimemaliza yote, Mkuu. Hiyo leseni naomba nivumilie kidogo. Mwezi huu samaki wamekuwa wa shida sana."

"Mwanangu, ingekuwa yangu ningekupa. Leseni si yangu. Ni ya watu wa nje. Nikikuruhusu uitumie bila kulipa nitakuwa nimewaibia."

"Nakuelewa, Mkuu. Ila nikikosa mtihani huu narudia muhula mzima."

"Heri kurudia muhula kuliko kuanza maisha kwa wizi."

Na akamwekea mkono begani, kwa upendo, wote tukiona. Kisha akautoa, akachomoa leso, akaufuta. Yusufu aliutazama ule mkono ukifutwa. Akageuka akashuka ngazi, na alikuwa amevaa shati jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

Nikatoka pale nilipokuwa. "Mkuu, unawaibia kina nani?"

"Twende ofisini, binti."

"Hapana. Niambie hapa. Leseni ipi?"

Wanafunzi walikuwa wameinua vichwa. Akanishika kiwiko akaniingiza ofisini, akafunga mlango. Nikamwambia mambo yote niliyokuwa nayo kifuani. Nikamwambia amemfukuza kijana wa watu kwa kitu ambacho hakipo. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema:

"Umeniangusha. Nilikuwa nakuandaa ukikalie kiti hiki."

"Sikitaki."

"Basi."

Hakunifukuza. Hata hilo alininyima. Alinisindikiza kama mgeni, mkono wake chini ya kiwiko changu, ngazi kwa ngazi, akiwasalimia wanaopanda. Kila aliyeuliza alimjibu, "Madam anakwenda kupumzika kidogo." Chini alimwambia Mangi hali yangu si nzuri siku hizi, na Mangi, maskini, akanipa soda ya baridi na kuniambia pole. Nilipofika nyumbani nikafungua simu niwaandikie wanafunzi ukweli kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilikuwa nimeshaondolewa.

Kesho yake nilikwenda Feri. Nilizunguka kwenye moshi wa wakaangaji, namuulizia Yusufu mrefu anayesoma kompyuta. Jirani yake wa jikoni alinitazama juu mpaka chini.

"Yusufu kaenda kwao Kilwa. Kauza karai lake, kaenda."

"Atarudi lini?"

"Dada yangu, mtu akiuza karai harudi kesho."

Hakuwa ameacha namba, na ile niliyokuwa nayo haikupatikana tena. Wanafunzi wawili nilikutana nao barabarani baada ya hapo, nikawaeleza kwa kirefu. Mmoja alisema, "Madam, tumeshalipa. Sasa ukituambia tufanyeje? Acha tumalize tupate cheti." Mwenzake alikuwa akimvuta mkono waondoke, kama mimi ndiye ninayenuka.

Nilipata kazi Posta, kwenye ofisi moja inayotunza mitandao ya watu. Pale mashine pepe wanaziita kwa Kiingereza, na nilifurahi kutolisikia neno lake. Wakati mwingine nilijaribu kulipima jambo hili kwa utulivu. Alikuwa mnafiki tangu mwanzo, au alioza baadaye? Nilimwona mwenyewe akipiga makofi katika darasa tupu. Hakukuwa na mtu wa kumdanganya pale, mimi tu. Naamini makofi yale yalikuwa ya kweli. Nadhani alipenda kuwa msafi kati ya wachafu, na programu ilipokuwa bure kwa wote, wachafu wote walisafishwa kwa siku moja bila kulipa chochote. Hilo hakulistahimili. Pengine ndivyo. Nimefikiri sana juu yake na sitaki tena kumpa muda wangu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kwenye mahafali. Binti wa jirani yangu, Glori, alisoma pale chuoni. Sikumzuia, kwa sababu baba yake alishalipa ndipo akaniambia. Alipomaliza akaning'ang'ania niende, akasema hana dada mwingine. Nikaenda. Ukumbi ulikuwa karibu na Mnazi Mmoja, maputo, spika kubwa, pilau inanukia kutoka nyuma. Na mbele, kutoka ukuta hadi ukuta, bango: LESENI BURE KWA KILA MWANAFUNZI. SADAKA YA MKUU.

Nilisoma tena lile neno sadaka. Nikamuuliza Glori, "Hii ni nini?"

"Hujui? Mkuu kaifuta ada ya leseni. Pengo la chuo analifidia mwenyewe, mfukoni kwake. Baba alilia alivyoambiwa."

Mshereheshaji akamkaribisha mwalimu wa somo la seva. Akapanda kijana mrefu mwenye suti ya kijivu. Ilinichukua muda kumtambua. Alikuwa Yusufu.

Nilifurahi, nakiri. Kabla ya yote nilifurahi kumwona. Akashika kipaza sauti, akasimulia jinsi alivyokuwa mkaanga samaki, jinsi alivyokosa mtihani kwa sababu ya leseni, jinsi alivyokuwa Kilwa amekata tamaa Mkuu akamtafuta mpaka akampata, akamrudisha, akamsomesha bure, akampa kazi. "Huyu ni baba yangu," akasema, na sauti ikamkatika. Ukumbi ukasimama. Mkuu alikuwa kwenye kiti cha mbele, ameinamisha kichwa, soksi zake nyeupe zinaonekana.

Wakati wa chakula nilimfuata Yusufu kwenye foleni.

"Yusufu! Nilikutafuta mpaka Feri."

Akageuka. Uso wake ulikuwa na adabu tupu, kama mlango uliofungwa taratibu. "Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Nilitaka nikwambie tangu siku ile. Ile leseni uliyoambiwa ulipe..."

"Madam, yameshapita. Mkuu alinieleza."

"Alikueleza nini?"

Akatazama sahani yake. "Kwamba ada ya leseni ulikuwa unaikusanya wewe. Kwamba yeye alikuwa anadhani bado inalipiwa, kumbe wewe ulishajua iko bure na ukanyamaza. Alipogundua ndipo ukaondoka."

Sikusikia tena muziki. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfuata Mkuu na tangazo mkononi, mimi ndiye niliyetaka ada ifutwe, na kwamba aliyemzuia yeye mlangoni ni Mkuu, alimwona kwa macho yake. Maneno yalinitoka yote kwa pamoja na kwa sauti, na nilijua kadiri ninavyosema ndivyo ninavyozidi kufanana na mtu aliyekamatwa. Watu wa kwenye foleni walianza kugeuka. Glori alikuwa ananitazama mdomo wazi.

"Alinizuia kwa sababu hakujua," Yusufu akasema. "Angejua angenizuia? Mtu huyu?"

Mkuu akaja. Alitembea polepole kati ya meza, watu wakimpisha, na aliponifikia akanitazama kwa macho yaliyojaa huruma. Nilimsubiri akane, akasirike, aseme chochote ambacho ningeweza kukipinga. Akamgeukia Yusufu.

"Mwache, mwanangu. Mimi nilishamsamehe zamani."

Yusufu akavuta pumzi. Akaiweka sahani yake mezani, akaifuta mikono kwenye suruali ya suti yake mpya, akaninyooshea mkono mbele ya watu wote.

"Na mimi nimekusamehe, Madam."

Nikaupokea. Yeye hakuwa na kosa, na nisingeweza kumwacha mkono ukining'inia pale. Kiganja chake kilikuwa na makovu ya mafuta ya moto. Mkuu akaanza kupiga makofi, taratibu, na ukumbi mzima ukamfuata.